Picha za Wakongomani ziko wazi kwa dunia nzima, mafaili yao yanabaki Brussels: nani anaamua?

Mtu akiandika jina la Nsala na neno Congo kwenye simu yake, awe Uvira, Kisangani au Lubumbashi, picha inamjia papo hapo. Mwanaume ameketi barazani kwenye nyumba ya misheni. Mbele yake kuna mkono na mguu wa mtoto. Ni vya binti yake Boali, aliyekuwa na umri wa miaka kama mitano. Picha hiyo ilipigwa tarehe 14 Mei 1904 huko Baringa, katika jimbo ambalo leo linaitwa Tshuapa, na mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris. Walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR walikuwa wamemuua mtoto huyo pamoja na mama yake.

Hakuna neno la siri wala ruhusa ya kuomba.  Anayetaka kuiweka kwenye kitabu, kwenye fulana au kwenye tangazo la mkutano wa siasa anaichukua tu.

Upande wa pili kuna wazee wa zaidi ya miaka sabini, waliozaliwa na mama Mkongomani na baba mzungu wakati wa ukoloni, kisha wakachukuliwa kutoka mikononi mwa mama zao na kupelekwa misheni. Jina la baba, tarehe ya kuchukuliwa na barua za wakala wa serikali vimo ndani ya faili, na faili limo Ubelgiji. Ili kulisoma, mhusika anapaswa kuomba, kujitambulisha na kuonyesha kwamba linamhusu. Kama anaishi Kananga au Bukavu, aongeze na safari.

Ndiyo hali ya kumbukumbu za Congo katika zama hizi za maktaba za kidijitali. Mambo ambayo wenyewe hawakuulizwa yako wazi, na mambo ambayo wenyewe wanayadai yako nyuma ya mlango. Katika visa vyote viwili, walioamua si Wakongomani.

Ushahidi na kadi za posta

Picha ya Nsala ina historia yake. Alice Harris na mumewe John waliionyesha Uingereza na Marekani, kwenye makanisa na kumbi za mikutano, ikiangazwa ukutani kwa taa ya kuonyeshea picha. Mwandishi wa habari E.D. Morel aliitumia katika kampeni yake dhidi ya utawala wa mfalme Leopold II. Kampeni hiyo ni moja ya sababu zilizomlazimisha Leopold kuiachia serikali ya Ubelgiji koloni lake mwaka 1908. Kwa hiyo picha hiyo ilipigwa kama ushahidi, na baba aliyepigwa picha alikuwa amekuja misheni kushitaki.

Ndiyo maana, kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, wanaotaka iondolewe mtandaoni kwa sababu inaumiza wanakosea. Wakongomani wenyewe wanaihitaji. Tatizo ni namna inavyotolewa: mara nyingi bila jina la Nsala, bila jina la Boali, bila tarehe, ikitokea ghafla kati ya tangazo la sabuni na matokeo ya mpira. Maktaba inayoiweka inaweza kuandika majina hayo, kueleza kilichotokea, na kumwonya msomaji kabla picha haijafunguka. Kazi hiyo haihitaji mashine mpya.

Kuna picha nyingine ambazo si ushahidi wa kitu chochote isipokuwa macho ya aliyezipiga. Kuanzia miaka ya 1920, mpiga picha Casimir Zagourski, aliyekuwa na studio Léopoldville, aliuza kadi za posta za Wakongomani wengi, zikiwemo za wanawake walioachwa matiti wazi. Maelezo yake yanataja kabila na mahali. Jina la mtu halipo. Leo kadi kama hizo zimeskaniwa na maktaba za Ulaya na Marekani, na yeyote anaweza kuzikuza mpaka aone kila chale kwenye ngozi.

Mwaka 2018 kitabu kikubwa cha Kifaransa kiitwacho Sexe, race et colonies kilizua mabishano makali Paris kwa sababu hiyo. Watungaji walisema lazima picha za unyonyaji wa kingono wa wakoloni zionekane ili unyonyaji wenyewe ueleweke. Waliowapinga walijibu kwamba wanawake hao, ambao hawakuwahi kuombwa ruhusa, walikuwa wanauzwa mara ya pili, safari hii kwenye karatasi ya bei ghali. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Lakini zilibishana zaidi kati ya wasomi wa Paris, wakati bibi wa picha hizo wana wajukuu Kinshasa na Kisangani.

Watoto waliobadilishwa majina

Suala la watoto wa metisi ni zito zaidi, maana wahusika bado wako hai. Chini ya utawala wa Ubelgiji katika Congo na Ruanda-Urundi, mtoto wa baba mzungu na mama mweusi alionekana kama hatari kwa utaratibu wa ukoloni. Serikali iliagiza watoto hao watafutwe, watenganishwe na mama zao na wakabidhiwe misheni, kama Katende huko Kasai au Save nchini Rwanda. Wengi walipoteza majina yao ya awali. Wengine walibadilishiwa hata tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kuelekea uhuru, watoto wapatao 300 wa Save walipakiwa ndege kwenda Ubelgiji, ambako waligawiwa kwa familia za kulea na vituo vya watoto.

Tarehe 29 Machi 2018 bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio lililotambua ubaguzi huo na kutaka nyaraka zifunguliwe kwa wahusika. Tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha bungeni. Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji ilipewa kazi ya kuchunguza historia hiyo na kuwasaidia wahusika kupata mafaili. Halafu, tarehe 2 Desemba 2024, mahakama ya rufaa ya Brussels iliihukumu serikali ya Ubelgiji kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu katika kesi ya wanawake watano waliochukuliwa wakiwa watoto wadogo na kupelekwa Katende. Kila mmoja alipewa fidia ya euro 50,000. Mahakama ya kwanza, mwaka 2021, ilikuwa imewakatalia.

Kesi kama hiyo haiwezi kusimama kwa machozi peke yake. Inahitaji karatasi: amri, barua, orodha, sahihi ya wakala. Karatasi hizo zilikuwa mikononi mwa mshitakiwa.

Je, basi, mafaili yote yaskaniwe na kuwekwa mtandaoni kwa wote? Wako wanaharakati wanaosema hivyo, na hasira yao inaeleweka. Lakini faili la mtoto wa metisi si gazeti la serikali. Ndani yake wakala anaweza kuandika kuhusu mwenendo wa mama kwa maneno ya dharau. Kuna jina la baba, ambaye huenda alirudi Liège au Gand akaoa na kuzaa watoto wasiojua lolote. Kuna magonjwa, adhabu na ripoti za masista. Mzee aliyesubiri miaka sitini kujua baba yake ni nani hapaswi kulijua jibu kwa kupigiwa simu na jirani aliyelisoma kabla yake.

Sheria za faragha za Ulaya zinatoa sababu ya kufunga, na sababu hiyo si ya uongo. Ila tuangalie inamlinda nani kwa urahisi zaidi. Baba ana jina kamili, cheo na anwani, kwa hiyo ana faragha ya kulindwa. Mama anaweza kuwa ameandikwa kwa jina moja tu na kijiji. Kama hatambuliki kwenye karatasi, haki yake ya kuulizwa itadaiwa na nani?

Utaratibu wenye heshima ungeanza na mhusika mwenyewe: asome kwanza, apewe nakala yake, na awe na mtu wa kukaa naye wakati anasoma. Baada yake wafuate watoto na wajukuu. Mtafiti wa chuo kikuu aje nyuma yao, na umma mwisho kabisa, kwa yale ambayo familia imekubali. Mara nyingi imekuwa kinyume, mtafiti akiwa na kadi ya maktaba tangu zamani.

Siri ya jamii si siri ya mtu

Sheria ya faragha inamjua mtu mmoja mmoja. Haijui jamii. Hapo Warega wa Shabunda, Mwenga na Pangi wana mfano wao.

Bwami, chama chao cha mafunzo na vyeo ambacho ngazi yake ya juu ni kindi, kilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1948. Vinyago vidogo vya pembe na mti, na masks zinazoitwa lukwakongo, vilikuwa mali ya wenye vyeo. Vilitolewa kwenye vikapu wakati wa sherehe, na maana yake ilifundishwa kwa methali, hatua kwa hatua, kwa yule aliyestahili na aliyelipa. Mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck alifanya utafiti kati yao katika miaka ya 1950 na baadaye akaandika vitabu vinavyosomwa mpaka leo. Vitu vyenyewe vilitawanyika: Tervuren, New York, Los Angeles, na kwa wafanyabiashara wa sanaa.

Leo kinyago ambacho asiye na cheo hakupaswa kukiona kiko kwenye katalogi ya mtandaoni, mbele na nyuma, na vipimo vya sentimita. Katalogi itakuambia kilinunuliwa na nani na lini kilifika makumbusho. Haitakuambia kwamba kuna watu walio hai, karibu na mto Elila au Ulindi, ambao kwao picha ile ni kama kufungua kikapu cha mtu hayupo.

Inawezekana kabisa wazee wa bwami wangesema: onyesheni, vijana wetu wako Bukavu na Kindu, hawajui chochote, afadhali waone. Inawezekana wangesema hiki ndiyo, kile hapana. Hilo ni jibu lao kulitoa.

Swali kama hili limekwisha kuulizwa kwingine. Katika mji wa Tennant Creek, kaskazini mwa Australia, Wawarumungu walipoanza kurudishiwa picha za zamani walikuwa na kanuni zao: kuna picha ambazo wanaume hawazioni, nyingine ni za familia fulani tu, na za marehemu zina masharti. Pamoja na mtafiti Mmarekani Kimberly Christen, walitengeneza hifadhi ya kidijitali iliyozitii kanuni hizo. Kila anayeingia anajulikana ni nani, wa ukoo gani, na mashine inamwonyesha kinachomfaa. Programu hiyo inaitwa Mukurtu, neno lao la mfuko wa kuhifadhia vitu vya thamani, na sasa jamii nyingine duniani zinaitumia bure. Marekani nako, wahifadhi nyaraka wa jamii za Wahindi Wekundu waliandika mwaka 2006 kanuni zinazozitaka maktaba ziwaulize wenyewe kabla ya kuonyesha mambo ya ibada. Chama cha wahifadhi nyaraka wa nchi hiyo kilizikubali rasmi mwaka 2018, miaka 12 baadaye.

Tusidhani lakini kwamba unaweza kuibeba Mukurtu kama ilivyo na kuitua Shabunda. Umeme ni shida, mega ni ghali, na wazee wanaojua hawana simu ya kufungulia picha. Halafu kuna swali ambalo wageni wenye nia njema hawapendi kuliuliza: jamii ni nani? Kwetu kiti cha mwami kinaweza kugombaniwa na ndugu watatu, kila mmoja na barua yake kutoka Kinshasa. Anayepewa ufunguo wa picha anapewa na silaha ya kuwanyima wengine. Na wanaume wenye vyeo wakiachiwa peke yao kuamua nini kifichwe, historia ya akina mama inaweza kuwa ya kwanza kupotea.

Majina yaliyoko Geneva

Mpaka hapa tumezungumza kuhusu wakoloni. Lakini hifadhi inayowagusa zaidi watu wa mashariki ya nchi si ya zamani hivyo.

Tarehe 1 Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti inayojulikana kama Mapping. Inaeleza matukio 617 ya ukatili mkubwa yaliyotokea Congo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Timu yake ilihoji mashahidi zaidi ya 1,280 na kukusanya nyaraka zisizopungua 1,500. Ripoti yenyewe iko mtandaoni na mtu yeyote anaweza kuisoma. Kasika imo. Makobola imo. Majina ya wanaoshukiwa hayamo: yamehifadhiwa kwa siri katika ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa huko Geneva. Daktari Denis Mukwege, mshindi wa tuzo ya amani ya Nobel ya mwaka 2018, ameendelea kudai ripoti hiyo isiachwe ilale kwenye droo.

Anayeishi mashariki anajua kwa nini kuna siri. Shahidi na aliyemchomea nyumba wanaweza kukutana sokoni siku ya Jumamosi. Kamanda wa jana anarudi na sare nyingine na cheo kikubwa zaidi. Jina la shahidi likivuja, hakuna polisi wa kumlinda. Kufunga hapo ni kuokoa maisha.

Ila mlango huo unaomfunika shahidi unamfunika pia mshukiwa, na hawa wawili hawana haki sawa ya kufichwa. Kwa mshukiwa, siri ilikuwa na maana kama hatua ya kusubiri waendesha mashitaka. Imepita miaka zaidi ya 15, na mahakama maalumu iliyopendekezwa, yenye majaji wa Congo na wa kigeni pamoja, haijaundwa. Kuyatenganisha mambo hayo mawili kunawezekana. Kinachokosekana ni uamuzi wa siasa.

Wakati huohuo nchi inatengeneza hifadhi mpya ya siri, tena kubwa. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 kuhusu wahanga wa ukatili wa kingono na uhalifu dhidi ya amani na usalama wa binadamu iliweka msingi wa mfuko wa fidia, FONAREV. Ili mtu afidiwe lazima aandikwe: jina, kijiji, alichotendewa. Hospitali zina mafaili kama hayo. Mashirika ya akina mama yana madaftari na kompyuta zilizojaa shuhuda. Kanuni ya mambo ya dijitali iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023 inasema habari za mtu binafsi zilindwe, na kwamba kuwe na mamlaka ya kusimamia ulinzi huo. Kwenye karatasi ni nzuri.

Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Tangu hapo, kwa shirika lenye kabati la shuhuda katika miji hiyo, swali la nani anaweza kufungua kabati si mjadala wa semina tena. Kuhifadhi nakala nje ya nchi kunaweza kuokoa ushahidi. Kunaweza pia kuurudisha pale pale tulipoanzia: simulizi za Wakongomani kwenye mashine ya watu wengine, kwa masharti ya watu wengine. Anayetoa nakala leo afadhali aandike mkataba leo. Nani atasoma, kwa muda gani, nani anaweza kusema ifutwe.

Na sisi waandishi tusijitoe. Kurasa za habari, na zaidi makundi ya WhatsApp, hujaa nyuso za wasichana waliobakwa, wamezibwa macho kwa mstari mweusi ambao hauzuii mtu yeyote wa kijiji chao kuwatambua. Kinachowekwa mtandaoni asubuhi kinaweza kufutwa jioni, lakini kwa wakati huo kimekwisha kukaa kwenye simu za watu.

Nakala si kurudisha

Mwezi Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Congo orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyoko kwenye makumbusho ya Tervuren. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Julai 2022 ilifungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa isivyo halali. Nyaraka hazimo ndani ya sheria hiyo. Mabaki ya watu pia hayamo. Kuhusu nyaraka, jibu linalosikika ni kwamba zitaskaniwa, hivyo kila mtu atazipata.

Kuskani ni jambo jema, na Congo, yenye karatasi zinazoliwa na mchwa na unyevunyevu, haiwezi kulidharau. Lakini anayeskani ndiye anayeamua kianze nini, kiitwe jina gani, kiwe wazi au kifungwe. Taasisi ya taifa ya nyaraka, INACO, iliyoko Kinshasa, ingepaswa kuwa mezani wakati wa maamuzi hayo, pamoja na vyama vya metisi, wahanga na wenye mila. Kutumiwa diski kazi ikishakwisha ni jambo jingine.

Kwa anayetafuta habari za mzazi au babu aliyechukuliwa misheni, Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji inapokea maombi kwa maandishi. Kabla ya kuandika, afadhali kukusanya kila kidogo kinachojulikana: jina la mama na majina yote aliyowahi kuitwa mtoto, kijiji, misheni, mwaka hata wa kukisia. Pa kuanzia ni parokia. Kitabu cha ubatizo cha zamani kinaweza kuwa na jina lililoandikwa kabla halijabadilishwa. Na kabla ya kupiga ukurasa huo picha na kuurusha Facebook, atazame mistari ya juu na ya chini yake, kwa sababu kuna majina ya watoto wengine hapo.